Piga Stata, Kisha Sikiliza

Leo ni zamu ya gari lililogoma kuwaka, na nashukuru kwamba tunakutana redioni, maana jambo hili ni la masikio kabla halijawa la macho. Wengi wetu gari likigoma tunakimbilia boneti. Tunaifungua, tunaegemea, tunayakodolea macho mabomba na nyaya kama ndugu walioitwa mochwari kumtambua marehemu. Haupiti muda anatokea mpita njia, anauliza, "Vipi, betri?" Na kwa kuwa hakuna mwenye jibu jingine, betri inahukumiwa palepale. Jioni mwenye gari ana betri mpya, risiti mfukoni, na gari lilelile lililogoma.

Sina ugomvi na wauza betri. Ninachosema ni kwamba usinunue chochote kabla hujajibu swali moja: ulipopiga stata, injini ilizunguka au haikuzunguka? Mpigie simu fundi anayeijua kazi, mwambie gari haliwaki, hilo ndilo atakalotaka kujua kwanza. "Bosi, stata inapiga?" Asiyeijua kazi atakuuliza uko wapi na una shilingi ngapi.

Swali hilo lina uzito kwa sababu gari kuwaka ni kazi mbili zinazofuatana. Kwanza umeme wa betri uizungushe injini. Kisha injini hiyo inayozunguka ipate petroli, hewa na cheche kwa wakati wake, ndipo ijiendeshe yenyewe. Kama injini haizunguki kabisa, plagi hazina kosa, koili hazina kosa, pampu ya mafuta haina kosa. Zamu yao haijafika. Fundi akianza kufungua plagi kwenye injini ambayo haijazunguka hata mara moja, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine. Na kama injini inazunguka kwa kasi yake ya kila siku, basi betri na stata zimeshajitetea, hata kama mpita njia bado anashikilia kuwa ni betri.

Basi tusikilize. Zima feni, zima redio, ndiyo, hata mimi nizime kidogo, funga vioo, zungusha ufunguo.

Ukisikia tikitikitikitiki ya haraka, taa za dashibodi zikicheza na kufifia, umeme hautoshi. Ndani ya stata mna swichi nene ya sumaku. Ikipata umeme inavuta. Ikishavuta, stata inadai umeme mwingi, betri inazidiwa, volti zinaanguka, sumaku inaachia. Mzigo ukiondoka, volti zinapanda, sumaku inavuta tena. Kuvuta na kuachia huko, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ndiko unakokusikia.

Ukisikia "ka!" moja tu, kavu, kisha kimya, na taa hazijafifia sana, mashaka yanahamia kwenye stata yenyewe. Usiposikia kitu kabisa, taa zikabaki zinang'aa, basi amri yako haikufika kwenye stata. Na injini ikijivuta kwa unyonge, nyeee, nyeee, kisha ikakata roho, rudi kwenye betri na nyaya zake nene.

Kama hujaamini masikio yako, kuna kipimo cha bure. Washa taa kubwa za mbele usiku, au uzielekeze ukutani mchana, kisha piga stata. Zikizimika kabisa, umeme umekwama kwenye betri au kwenye viungo vyake. Zikibaki vilevile bila stata kufanya lolote, umeme upo lakini haujaitwa.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna hoja inayowaponza watu wengi: "Betri nzima, si unaona taa zinawaka?" Taa mbili za mbele za kawaida hula ampea 9 hivi. Stata ya gari dogo la petroli hula zaidi ya ampea 100. Betri inayowasha taa na kupiga honi imethibitisha kwamba inaweza kuwasha taa na kupiga honi, basi.

Ukubwa huo wa umeme una historia yake. Wazee waliowahi kupanda malori ya zamani wanaikumbuka hendeli, chuma kilichopinda ambacho taniboi alikichomeka mbele ya injini na kuizungusha kwa nguvu za mkono. Injini ikipiga kinyume, hendeli iliweza kuvunja mkono. Ndiyo maana wajuzi walikataza kuikumbatia kwa kidole gumba. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeitengeneza stata ya umeme iliyofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo alikuwa ameweka mota ya umeme kwenye mashine za fedha za madukani, na huko alijifunza kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko kipimo chake, mradi iwe kwa muda mfupi. Stata ya gari lako hadi leo inaishi kwa sharti hilo la muda mfupi. Sekunde 5, zikizidi sana 10, kisha iache ipoe. Anayeng'ang'ania ufunguo nusu dakika anaiunguza stata na kuimaliza betri kwa pamoja, halafu anamwita fundi kwa matatizo matatu badala ya moja.

Sasa betri. Ina vyumba sita, kila kimoja kikijaa hutoa volti 2.1 hivi, jumla volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imeisha. Ipime gari likiwa limelala saa kadhaa, kwa sababu betri iliyotoka tu kuchajiwa husoma juu kuliko ukweli wake. Lakini namba inayofaa zaidi ni ile inayosomeka wakati stata inapigwa. Mwambie mwenzako azungushe ufunguo huku wewe ukitazama kipimo: ikianguka chini ya volti 9.6, betri imechoka, au haijachajiwa vya kutosha. Ichaji kwanza usiku kucha, kisha rudia. Ikianguka tena ndipo uende dukani kwa amani ya moyo.

Kipimo chenyewe, ile multimita yenye waya mwekundu na mweusi, ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri. Inafanya kazi nyingine ninayoipenda kuliko hiyo. Gusa kichwa chenyewe cha betri, ile risasi, wakati stata inapigwa, usome. Kisha hamisha ncha kwenye kibano cha waya kilichokishika kichwa hicho, stata ikipigwa tena. Namba mbili hizo zinapaswa kukaribia kulingana. Kama kichwa kinasoma 11 na kibano kinasoma 7, betri yako ni nzima na mwizi amekaa hapo katikati, kwenye unene wa karatasi.

Mwizi huyo kwetu ana sababu zake. Magari mengi madogo yanayotoka Japani, akina Vitz, IST na wenzao, yalitoka kiwandani na betri za vichwa vyembamba. Madukani zipo za vichwa vyembamba na za vichwa vinene. Mara kibano kinatanuliwa kwa bisibisi ili kimeze kichwa kinene, mara inarudishwa betri ya kichwa chembamba, kibano kinapwaya. Fundi wa barabarani ana dawa yake: anachomeka kipande cha msumari, au kijiwaya cha shaba, au bati la kopo lililokunjwa, anagonga kwa nyuma ya spana, kinakaza. Ukitikisa hakitikisiki. Redio inaimba. Lakini chuma hicho kinagusana na risasi kwenye kijimstari chembamba, na ampea 100 hazipiti kwenye kijimstari. Siku ya baridi ya asubuhi, au baada ya matuta ya wiki nzima, gari linasema "ka" na kunyamaza. Unatikisa kibano, linawaka. Basi unajua. Tafuta vikombe vya risasi vinavyovalishwa kichwa chembamba, au ubadilishe kibano chenyewe, uachane na msumari.

Adui mwingine wa hapo ni ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa. Ni zao la asidi. Maji ya moto yenye magadi yanaumaliza vizuri, ukikwangua kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae; angalia tu yasiingie ndani ya vyumba vya betri. Unapofungua, anza na upande wa hasi, na unapofunga, malizia na huohuo. Spana namba 10 ikiwa kwenye chanya huku mkia wake ukigusa bodi la gari, utaona moto usiouombea. Ukifungua hasi kwanza, hata ikigusa haina madhara.

Msisahau mwisho wa pili wa waya ule mweusi, unaokwenda kwenye bodi na kwenye injini. Betri inasafishwa, mwisho huo unabaki na matope ya miaka. Baada ya kupiga stata mara mbili tatu, pitisha vidole taratibu kwenye viungo vyote vya nyaya nene. Kilichopata moto kuliko wenzake ndicho kinachokula umeme wako.

Turudi kwenye ile "ka" moja. Umepima, betri ni nzima, viungo ni visafi, lakini stata inasema neno moja na kunyamaza. Kwenye Toyota nyingi stata ni za Denso, na ugonjwa wao mkubwa uko ndani ya ile swichi ya sumaku. Humo mna vipande viwili vya shaba, vilivyopinda mithili ya herufi L, na sahani ya shaba inayokuja kuviunganisha kila unapowasha gari. Kila muunganiko unachoma shaba kidogo. Baada ya miaka, kipande kimoja huwa kimelika upande, sahani inafika lakini haigusi sawasawa, umeme hauvuki. Ukiifungua swichi hiyo unaona wazi: kimoja bado kina bega, mwenzake amebonyea na kuwa mweusi. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, na fundi umeme mwenye subira anavibadilisha bila kugusa mota. Ukiambiwa stata nzima imekufa, uliza kwanza, "Shaba zake umeziangalia?" Swali hilo limewahi kushusha bili za watu wengi.

Kugonga stata kwa nyundo je? Inafanya kazi, sitakudanganya. Kaboni zikiwa zimelika, mtikisiko unazisogeza zikaguse tena. Igonge kwa adabu, ikufikishe gereji. Usiifanye nyundo kuwa sehemu ya ufunguo.

Na ukimya? Gari la otomatiki haliruhusu stata kupigwa mpaka gia iwe kwenye P au N. Swichi inayotambua hilo ikichakaa, gari linakuwa bubu. Sogeza gia kwenye N, jaribu tena; likiwaka umeshapata jibu bila kumlipa mtu. Kwa magari ya kubonyeza kitufe, tazama taa za breki nyuma: mguu uko kwenye breki na taa haziwaki, basi gari halijui kwamba umekanyaga breki, na halitakusikiliza. Na kama ni ufunguo wa kielektroniki uliokwisha betri yake ndogo, kwenye Toyota kanyaga breki, ugusishe ule upande wa ufunguo wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, gari litautambua.

Sasa kubusti, maana hapa ndipo watu wanapounguza vitu. Waya mwekundu uanzie kwenye chanya ya betri iliyokufa, uende kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi uanzie hasi ya betri nzima, na mwisho wake uushike kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Kwa nini mbali? Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na muunganiko wa mwisho ndio unaotoa cheche. Mkikosea rangi, mtalipia fyuzi kubwa na altaneta, huenda za magari yote mawili, na urafiki utapata ufa. Likishawaka, pima kwenye betri: altaneta nzima itasoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikisoma 12 na inashuka, umebeba maji kwenye pakacha. Betri mpya nayo itaisha kesho kutwa. Na safari ya kutoka Mwenge mpaka Ubungo kwenye foleni, AC ikivuma, si kuchaji betri.

Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono tu. La otomatiki mtalisukuma mpaka kiyama. Hata hilo la mkono, msilisukume sana kama lina masega kwenye bomba la moshi, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuwakia humo na kuyaharibu.

Kuna betri inayokufa bila kosa lake. Gari lililolala linaruhusiwa kunywa umeme kidogo, miliampea 50 hivi, kwa ajili ya saa na kompyuta. Redio iliyofungwa vibaya, king'ora, au kile kifaa cha kufuatilia gari kinaweza kunywa nusu ampea. Fanya hesabu: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Betri ya ampea-saa 45 inapoteza zaidi ya nusu kwa siku mbili. Mwenye gari anaondoka Ijumaa, anarudi Jumatatu, anakuta maiti. Ananunua betri, mwezi unaofuata maiti tena. Fundi mzuri ataiunganisha mita katikati ya betri na waya wa hasi, gari likiwa limefungwa na kulala, kisha atachomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoshusha namba inakuonyesha mlango wa mwizi. Mara nyingi ni wa redio, samahani.

Upande wa pili, injini inazunguka lakini haishiki, nitapita haraka zaidi, kwa sababu huko fundi wa kompyuta anahitajika mapema. Anza na mafuta yenyewe. Mshale wa tangi nao huongopa, hasa kwa sisi tunaoendesha gari taa ya mafuta ikiwa imewaka mwezi mzima; tena pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli hiyohiyo unayoibania. Sikiliza nyuma, chini ya kiti: magari mengi ufunguo ukifika ON pampu huvuma sekunde mbili hivi. Lakini Toyota nyingi za zamani haziiamshi pampu mpaka stata izunguke, kwa hiyo ukimya peke yake si ushahidi. Usimruhusu mtu akuuzie pampu kwa ushahidi huo. Angalia fyuzi, badilishana rilei na nyingine inayofanana nayo humohumo kwenye kisanduku. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imelowa: kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata sekunde chache, kompyuta ya gari itakata petroli mpaka ikauke.

Mashine ya kusomea kodi nayo ina mipaka. Inakuambia kompyuta imeona shida wapi. Haikuambii ununue nini. Na gari lenye betri iliyochoka hutoa kodi za ajabu ajabu, za vitu ambavyo ni vizima kabisa. Chaji kwanza, soma baadaye.

Mambo mawili yanadai uache stata mara moja. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kasi moja bila mapigo, huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kila mzunguko unaweza kugonganisha valvu na pistoni. Pili, masika. Umepita Jangwani maji yamejaa, gari limezima katikati. Usipige stata hata mara moja. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda inakutana nayo, na kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Livutwe, plagi zifunguliwe, ndipo injini izungushwe ili maji yatoke. Mkono unaowasha kuona kama bado ni zima ndio mkono ulioiua injini.

Nimalize na malalamiko ninayoyasikia sana: gari linawaka asubuhi bila taabu, saa saba mchana ukiegesha dakika kumi haliwaki, jioni likipoa linawaka tena. Stata inapiga vizuri, lakini haishiki. Sensa ya kranki ni mshukiwa mkubwa hapo, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na imefika wapi. Waya wake wa ndani ukipata joto unaachana, ukipoa unarudiana, na fundi akifika jioni haoni ugonjwa. Usimsubiri jioni. Likigoma likiwa la moto, mwambie afike wakati huohuo, aipoze sensa hiyo peke yake kwa kitambaa chenye maji, ajiangalie tu na feni na mikanda, kisha apige. Likishika, mmempata. Sensa hiyo mara nyingi inafungwa kwa bolti moja tu, na ukibadilisha, omba uondoke na ile ya zamani mkononi.

Gari la dizeli lina mambo yake, hewa kwenye mabomba na plagi za joto, na muda wetu umekwisha. Tutalikuta wiki ijayo, saa kama hii.